Koo linakauka kila nikitaka kumtaja Yesu: je, sina imani?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Niliokoka miaka miwili iliyopita. Nyumbani kwetu niko peke yangu katika imani hii. Baba amenikataza kabisa kutaja habari za Yesu mezani, na ndugu zangu wakiniona nimefumba macho kabla ya kula hukohoa makusudi. Ofisini wananiita "mlokole". Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu, tukiwa wawili tu, aliniuliza, "Hivi wewe kweli unayaamini hayo mambo?" Nikacheka, nikabadilisha mazungumzo. Tangu siku hiyo sina amani. Kila nikitaka kusema, koo linakauka. Nimesoma Mathayo 10:33, kwamba anayemkana Yesu naye atakanwa, nikaogopa zaidi. Je, hofu hii ni dalili kwamba imani yangu si ya kweli? Na nifanyeje nipate ujasiri?

Jibu: Amina, dada yangu, asifiwe sana.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema ulicheka. Wengi huniandikia kuhusu ujasiri kwa ujumla tu. Wewe umeleta kicheko kimoja, cha siku moja, mbele ya mtu mmoja. Nitakirudia mwishoni. Ila kwanza nikujibu ulichouliza: hapana, hofu si dalili kwamba huamini.

Sisemi hivyo kukubembeleza. Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba alipofika kwao alikuwa "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi" (1 Wakorintho 2:3). Mstari huo huwa tunaupita mbio, kwa sababu Paulo tunayempenda ni yule wa kwenye picha, aliyeinua mkono mbele ya umati. Lakini ni yeye mwenyewe aliyesema alitetemeka. Na Matendo ya Mitume yanamuunga mkono: alipokuwa Korintho, Bwana alimtokea usiku akamwambia, "Usiogope, bali nena, wala usinyamaze" (18:9). Asiyeogopa haambiwi asiogope. Na asiyefikiria kunyamaza haambiwi asinyamaze. Hofu hiyo tunaweza hata kuikadiria mwaka, maana katika mji huohuo Paulo alishtakiwa mbele ya liwali Galio, na maandishi ya mawe yaliyopatikana Delphi yanaonyesha Galio alikuwa liwali wa Akaya karibu mwaka 51 au 52. Kwa hiyo miaka ishirini hivi baada ya kufufuka kwa Bwana, mtume aliyekwisha kupanda makanisa katika miji kadhaa alikuwa bado anahitaji kuambiwa usiku, usinyamaze.

Angalia pia alichoambiwa na ambacho hakuambiwa. Hakuambiwa, "Wewe ni hodari, utaweza." Aliambiwa, "Mimi ni pamoja nawe," kisha, "nina watu wengi katika mji huu." Maneno hayo ya mwisho nayapenda kuliko yote. Paulo aliona mji uliojaa wapinzani, Bwana akaona mji wenye watu wake ambao bado hawajajitambulisha. Akakaa pale mwaka mmoja na nusu.

Nadhani kosa letu, na nasema letu kwa sababu nililifanya miaka mingi, ni kuutafuta ujasiri kifuani. Tunajipapasa kama mtu aliyepoteza funguo, tunakuta kifua kitupu, tunahitimisha kwamba hatuna imani. Neno ambalo Biblia yetu inaliita "ujasiri" katika Matendo, kwa Kigiriki ni parresia, na halikuzaliwa vitani. Limetoka katika mikutano ya raia wa Athene, na asili yake ni "kusema yote": haki ya raia huru kusimama mbele ya wenzake na kusema lililo moyoni bila kuficha. Mtumwa hakuwa nayo, wala mgeni. Ndiyo maana wale wakuu wa Baraza la Wayahudi walistaajabu walipowaona Petro na Yohana, "watu wasio na elimu, wasio na maarifa" (Matendo 4:13), wakisema kana kwamba wana haki ya kusema mahali pale. Swali la parresia, basi, si kama moyo wako unadunda. Swali ni nani amekupa ruhusa ya kusema. Moyo unaweza kudunda na ruhusa ikabaki palepale.

Sasa soma kilichofuata. Baraza likawatisha, likawaachilia. Wakaenda moja kwa moja kwa wenzao, wakasimulia yote, kisha wakaomba pamoja. Hawakuomba vitisho viishe. Hawakuomba wakuu wa Baraza wafe, wala wahamishwe. Walisema, "Basi sasa, Bwana, yaangalie matisho yao, ukawajalie watumwa wako kunena neno lako kwa ujasiri wote" (4:29). Vitisho walimwachia Mungu avitazame, wao wakaomba kinywa. Kinachonigusa zaidi ni waliokuwamo katika maombi hayo. Petro na Yohana, ambao ujasiri wao ulikuwa umetoka kushangaza Baraza zima, walikuwa wanauomba upya. Hawakusema, "Sisi tunao tayari, ombeni ninyi." Ujasiri wa asubuhi ulikuwa umekwisha, kama mana ambayo haikulala hadi kesho yake.

Na yule Paulo wa matetemeko, miaka baadaye akiwa kwenye minyororo, anawaandikia Waefeso wamwombee apewe usemi, afumbue kinywa kwa ujasiri "jinsi ipasavyo kunena" (6:19-20). Angeweza kuomba aombewe afunguliwe. Mimi ningeomba hivyo. Yeye aliomba asije akafunga mdomo pamoja na mikono.

Kwa hiyo naomba nikuulize, dada: ni nani anayekuombea jambo hili kwa jina? Simaanishi maombi ya "Bwana, wape watu wako ujasiri." Namaanisha mtu mmoja au wawili wanaojua jina la mwenzako wa ofisini, wanaojua habari za baba, watakaokuuliza Jumapili, "Ilikuwaje?" Umesema uko peke yako nyumbani. Sidhani uko peke yako kanisani, lakini barua yako haikumtaja ndugu hata mmoja. Huko ndiko ningeanzia, kabla ya mbinu yoyote.

Kuna mstari mmoja ambao kwangu ndio ufunguo wa habari hii. Paulo na Sila walipigwa bakora hadharani kule Filipi, bila kuhukumiwa, wakafungwa miguu kwenye mkatale. Walipotoka walishika njia kuu ya Kirumi kupitia Amfipoli na Apolonia hadi Thesalonike, mwendo wa kilomita zipatazo 160, na migongo yao ikiwa bado haijapona vizuri. Fikiria wanaingia mji mpya. Kila kitu mwilini kinasema, "Safari hii tukae kimya kidogo." Kisha soma Paulo anavyosimulia: tukiisha kuteswa na kutendwa jeuri katika Filipi, "twalithubutu katika Mungu wetu kuinena Injili ya Mungu kwenu, katika kushindana kwingi" (1 Wathesalonike 2:2). Neno lenye uzito hapo ni "katika". Hakusema walithubutu kwa sababu ya Mungu, wala kwa ajili ya Mungu. Walithubutu ndani yake, kama mtu anayesema kutoka ndani ya nyumba imara wakati mvua inapiga nje. Mvua ipo, na kushindana kulikuwa kwingi: haikupita muda mrefu kundi la watu likaivamia nyumba ya Yasoni aliyewakaribisha, na ndugu wakalazimika kuwasafirisha usiku.

Usiishie mstari wa pili. Shuka hadi wa saba na wa nane. Huyohuyo aliyethubutu anasema alikuwa mpole kati yao, kama mlezi anavyowatunza watoto wake mwenyewe, na kwamba alikuwa radhi kuwapa hata roho yake, si Injili peke yake. Katika mawazo ya wengi wetu ujasiri una sauti kubwa na kidole kilichonyooshwa. Paulo anauweka pamoja na mama anayenyonyesha. Nimeona mara nyingi kwamba hofu ya mtu hupungua pale unapoanza kumhurumia mtu huyo kweli. Unapomwombea mwenzako wa ofisini kila asubuhi, na madeni yake, na mtoto wake mgonjwa, unafika mahali ambapo kumnyima habari hii kunakuuma kuliko anavyoweza kukucheka. Haitokei kwa siku moja.

Lazima pia niseme jambo ambalo huenda usilipende. Si kila upinzani ni mateso kwa ajili ya Kristo. Petro anaonya kwamba mtu wa kwetu asiteswe kama mwuaji, au mwivi, au mtenda mabaya, kisha anaongeza kwenye orodha hiyohiyo ya kutisha: "au kama mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine" (1 Petro 4:15). Mdaku amewekwa mstari mmoja na mwuaji. Wako waliookoka ambao watu huwakimbia kwa sababu tu wanachosha, wao wakarudi nyumbani wakijihesabu mashujaa.

Nilikuwa mmoja wao. Nilipookoka nikiwa kijana, nilimwandikia baba yangu barua ya kurasa tisa. Nilimwonyesha dhambi zake kwa mpangilio, kila moja na aya yake ya Biblia. Niliiacha juu ya kitanda chake, nikaondoka nikijiona nabii Yeremia. Hakunijibu kwa karibu mwaka mzima. Siku alipoitaja, alisema hivi tu: "Mwandiko wako ni mzuri." Nilikuwa na ujasiri, hilo silikatai. Nilichokosa ni ule upole wa mstari wa saba.

Tuje basi kwa baba yako. Tofautisha amri mbili ambazo zinafanana masikioni lakini hazifanani mbele za Mungu. Amri ya kwanza ni, "Usihubiri mezani kwangu." Ya pili ni, "Mkane Yesu." Kwa unavyoeleza, baba ametoa ya kwanza. Meza ni yake, na unaweza kumtii bila kumkosea Bwana. Mitume waliposema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29), walikuwa wamekatazwa kabisa kunena kwa jina lile, mahali popote. Wewe hujafika hapo, na usijifikishe kwa nguvu. Tafuta saa ya utulivu umwambie baba, kwa heshima, kitu kama hiki: "Baba, nimekusikia. Sitahubiri mezani. Ila ukiniuliza kama ninamwamini Yesu, sitaweza kukuambia hapana." Sentensi tatu tu. Halafu uoshe vyombo.

Usidhani hiyo ni njia ya woga. Petro anawaandikia wanawake wenye waume wasioamini kwamba waume hao wanaweza kuvutwa "pasipo lile neno", kwa mwenendo wa wake zao (1 Petro 3:1). Yeye mwenyewe alikuwa mhubiri, na bado alijua kuna nyumba ambazo maneno yamekwisha kutumika yote. Wanaoishi nawe wanakuona ukiwa umechoka, ukiwa na njaa, ukikosewa fedha. Kukohoa kwa ndugu zako ni upuuzi wa kitoto, na dawa yake ni kuendelea kufumba macho, kisha kufumbua na kuwapitishia chakula bila kununa.

Na kama unafikiri ukimya wa nyumbani ni ishara umeshindwa, mtazame Bwana mwenyewe. Marko anasema jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili (3:21). Yohana anasema hata ndugu zake hawakumwamini (7:5). Walikua naye nyumba moja, naye hakuwa na dosari, na bado hawakuamini. Yakobo, mmoja wa ndugu hao, alikuja baadaye, baada ya kutokewa na Bwana aliyefufuka (1 Wakorintho 15:7), akawa nguzo ya kanisa la Yerusalemu, na kwa ushuhuda wa mwanahistoria Josephus akauawa kwa kupigwa mawe, karibu mwaka 62. Kwa hiyo unapomwombea baba usijiwekee mwaka wa kukata tamaa.

Habari ya "mlokole" nitaipitia upesi. Ni jina la utani. Hata "Wakristo" inaelekea lilianza hivyohivyo: wanafunzi waliitwa kwa jina hilo kwanza Antiokia (Matendo 11:26), na katika Agano Jipya lote linaonekana mara tatu tu, mara moja likiwa kinywani mwa Agripa na mara moja likiwa sababu ya kuteswa. Wakikuita, itika. Jina linalojibiwa kwa tabasamu huchosha upesi wanaolitumia.

Ofisini kuna jambo zito kuliko jina. Saa za kazi zimelipiwa na mtu. Ukizitumia kuhubiri huku kazi imelala, utampa mkuu wako sababu halali ya kukukemea, na hiyo itakuwa bakora isiyo ya Filipi. Lakini mapumziko ni yako, na mtu akikuuliza, umeruhusiwa kujibu. Petro tena: muwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (3:15). Aya hiyo inadhani kwamba utaulizwa. Wewe uliulizwa.

Sasa Mathayo 10:33, iliyokunyima usingizi. "Mtu ye yote atakayenikana mbele ya watu, nami nitamkana yeye mbele za Baba yangu." Silainishi makali yake. Kuna siku maneno haya yalimaanisha uhai au kifo. Karibu mwaka 112 liwali wa Kirumi aitwaye Pliny alimwandikia Kaisari Trajan jinsi anavyowashughulikia Wakristo wa Bithinia: anawauliza kama ni Wakristo, wakikiri anawauliza mara ya pili na ya tatu huku akiwatishia, wakishikilia anaamuru wauawe. Waliomlaani Kristo aliwaacha. Huko ndiko kukana ambako aya inakusema waziwazi, mtu kuvunja kwa makusudi uhusiano wake na Bwana ili abaki salama.

Wewe ulicheka ukabadilisha mazungumzo. Ni kosa, na nafsi yako inalijua, lakini si kitu kimoja na kile. Hata kama kingekuwa kimoja, Petro alikuwepo siku Yesu aliposema maneno hayo. Aliyasikia kwa masikio yake. Kisha katika ua wa kuhani mkuu akakana mara tatu, mbele ya vijakazi na watu waliosimama pale, na Mathayo anatumia kitenzi kilekile alichokiandika katika sura ya kumi. Mateso ya Petro usiku ule hayakuwa panga, yalikuwa swali la kijakazi karibu na moto, yaani jambo linalofanana sana na lako. Yesu alikuwa ameshamwambia, "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Hukumu ya 10:33 ni ya mtu anayefanya makao yake hapo. Petro alilia, akarudi. Tena alirudia hofu yake miaka baadaye kule Antiokia, akijitenga na ndugu wa Mataifa kwa kuwaogopa watu fulani, hadi Paulo akamkemea ana kwa ana (Wagalatia 2:11-12). Mwamba, ndiyo maana ya jina Petro, ulitikisika zaidi ya mara moja.

Kanisa la kwanza lililijua hili kwa uchungu. Kaisari Decius alipoamuru mwaka 249 au 250 kila mtu atoe dhabihu kwa miungu na kupewa hati ya kuthibitisha, Wakristo wengi walitoa dhabihu au wakainunua hati hiyo kwa njia za pembeni. Baadhi ya hati hizo zimepatikana Misri, zikiwa bado zinasomeka. Dhoruba ilipotulia, waliokana walirudi kanisani wakilia, na kukazuka mabishano makali. Mwaka 251 maaskofu waliokutana Carthage, Afrika Kaskazini, akiwamo Cyprian, askofu wa mji huo, waliamua kwamba wanaotubu wasifungiwe mlango, ingawa waliotoa dhabihu walipewa kipindi kirefu cha toba. Cyprian mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa dhoruba hiyo, na wapo waliomsema. Mwaka 258 alikamatwa katika mateso mengine, akauawa kwa imani yake.

Nimetaja kujificha makusudi, maana huenda yuko msomaji mwingine anayesoma hapa akiwa mahali ambapo kumtaja Yesu kunaweza kumtia gerezani, au kumwingiza mikononi mwa ndugu wenye hasira. Kwake nasema: Bwana aliyesema msiogope ndiye aliyesema, katika sura hiyohiyo, mwe na busara kama nyoka, na wakiwafukuza katika mji huu kimbilieni mwingine. Paulo aliteremshwa ukutani kwa kapu kule Dameski. Barua ya kanisa la Smirna inayosimulia kuuawa kwa mzee Polycarp, askofu wake, katika karne ya pili inasema wazi kwamba yeye kwanza aliondoka mjini, na inamtaja mtu mmoja, Quintus, aliyejipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine wajipeleke. Alipowaona wanyama wakali, akakana. Kanisa likaandika kwamba haliwasifu wanaojitoa wenyewe. Kutafuta mateso si kipimo cha imani, na ukiwa na haki za kisheria mahali ulipo, zitumie kama Paulo alivyoutumia uraia wake wa Rumi.

Turudi kwako. Uliuliza ufanyeje, na hadi sasa nimekupa jambo moja tu, watu wa kukuombea. La pili ni kujua la kusema, kwa sababu nusu ya hofu ya kushuhudia ni hofu ya kuulizwa swali usilolijua. Mtu aliyezaliwa kipofu katika Yohana 9 alibanwa na wasomi wa sheria kuhusu Yesu, akasema jambo moja tu analijua: alikuwa kipofu, sasa anaona. Mengine alikiri hajui. Wazazi wake, waliokuwa na habari zilezile, waliogopa kutengwa na sinagogi wakasema, ni mtu mzima, mwulizeni yeye. Sioni kwamba kijana alikuwa na elimu kuwazidi wazazi. Alikuwa na sentensi yake.

Tafuta yako. Keti na karatasi, uandike ulikuwaje kabla, Kristo alikukutaje, na nini kimebadilika ambacho hata ndugu zako wanaokohoa wanaweza kukiona. Ikizidi dakika mbili, punguza. Ondoa lugha ya kanisani: asiyekwenda kanisani hajui "kutembea rohoni" ni kutembea wapi. Kisha mwambie rafiki yako wa maombi kwa sauti, mara tatu au nne, hadi koo lizoee njia. Koo hukauka zaidi kwenye sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza ndiyo inayoweza kufanyiwa mazoezi. Mtu akikuuliza usilolijua, "Sijui, nitatafuta" ni jibu kamili la Kikristo.

Na sasa kile kicheko. Unakichukulia kama mlango uliofungwa. Mimi naona mwenzako aliuliza mkiwa wawili, si mbele ya watu, na hakuuliza kuhusu dini yako bali kama kweli unaamini. Anayetaka kukudhihaki hutafuta hadhira. Huyu alisubiri hadhira iondoke. Nikodemo naye alimjia Yesu usiku.

Basi usisubiri akuulize tena. Wiki hii, mkiwa kwenye mapumziko, mwambie: "Siku ile uliniuliza kama ninaamini, nikacheka kwa sababu niliogopa. Naweza kukujibu sasa?" Koo litakauka, kunywa maji kwanza. Akisema hapana, mshukuru, mrudi kazini, na umwombee kesho yake kama kawaida. Akisema ndiyo, mpe zile dakika mbili, kisha umwulize yeye anaaminije, unyamaze umsikilize. Halafu niandikie alisemaje.